Ngombe za Muheto na toge ya Shefu

Musinicheke kabla sijamaliza, maana haya ya siku ile ingali inanikamata hata nikiwa peke yangu nafunga viatu. Mimi njo Shefu wa filiere (idara) ya tabia za wanyama kwenye chuo chetu hapa Masisi, tunafundisha namna ngombe, mbuzi na mbwa wanavyofikiri (ndiyo, wanafikiri, musianze), na siku ile komisyoni ilitoka Goma kuamua kama filiere ibaki ao ifungwe. Ikifungwa, wanafunzi wote wanarudi kwao bila diplome.

Sasa, asubuhi mama watoto alinituma chumvi. Nikanunua. Lakini Shefu muzima, na toge juu (ile nguo refu nyeusi ya sherehe), ataonekanaje na sashe ya chumvi mukononi mbele ya wageni? Nikaitia mu mufuko wa ndani ya toge, nikaisahau. Tukipanda na komisyoni na wanafunzi kwenye malisho ya Muheto mvua ikatukuta, tukalowana chepechepe.

Nikaanza kufundisha: “Ngombe anapenda umbali wake. Ukimukaribia, anaondoka. Muangalie.”

Nikakaribia. Ngombe ya madoa ikanikaribia yeye! Nikarudi nyuma, ikafuata, ikaanza kulamba toge. “Huyu ananitambua,” nikasema na sauti ya profesa. Ikaja ingine.

“Na huyu pia, Shefu?” akauliza Mama Prezida wa komisyoni.

Jamani, sikuelewa kitu! Nikahama, kundi zima likahama. Nikasema ni urafiki, nikasema hapana, ni harufu ya mvua, nikasema labda wananizania mama yao (eh, nilisema hivyo mbele ya watu), na pale moja ilisha kumeza mukono wa kushoto wa toge mpaka kiwiko, ingine inavuta nyuma, nikaanguka matako mu matope.

Wanafunzi walikaza midomo tu, maana kwetu profesa hasahihishwi mbele ya wageni. Mama Prezida akamugeukia Furaha, wa mwaka wa pili: “Dada, sema wewe.”

“Samahani, Shefu,” Furaha akasema, macho chini. “Hawakupendi. Wanalamba upande wa kushoto tu. Kuko kitu mu mufuko.”

Nikaingiza mukono, nikatoa uji wa chumvi. Hata Mama Prezida alicheka mpaka akashikilia mbavu, na mimi nilitamani udongo unimeze.

Magaribi Mama Prezida akasoma uamuzi: “Filiere inabaki. Wanafunzi wanajua kuangalia.” Vigelegele! Furaha analia na kucheka pamoja. Halafu Mama Prezida akaniangalia: “Shefu naye atakaa na mwaka wa kwanza, kozi ya kuangalia wanyama, mpaka afaulu.”

Kozi ile niliiandika mimi mwenyewe. Sasa asistanti wangu njo anaifundisha, mimi niko kwenye benchi ya mbele, na nimeapa: munyama akifanya kitu mbele yangu, neno la kwanza mu kinywa changu litakuwa “sijue.”

Juzi tulifanya interogasyo (jaribio) ya kwanza. Nimeanguka.