Kambare Aliyekula Chambo Mara ya Pili

Nakumbuka Jumapili moja kaka yangu Wekesa alipoingia nyumbani kwetu Woodley, Nairobi, akiwa amelowa hadi soksi, na nyuma yake amesimama Kalasinga mrefu asiye na kilemba. Mwanangu, sikuwa nimewahi kumwona Harjit, rafiki yake, hivyo. Nywele zake ndefu zilikuwa zimemwagika mgongoni, na kilemba chenyewe alikuwa amekikumbatia kifuani kimejaa matope. Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini polepole, kama mtu anayeogopa kuuliza.

"Mama, ameanguka kwa maji," Harjit akasema. "Lakini ni mzima."

Harjit alikuwa na gereji kule Parklands, na Wekesa ndiye aliyemchomelea vyuma. Walikuwa wa karibu umri mmoja, wakitaniana kama watu waliosoma darasa moja. Kila Jumapili, kaka akitoka kanisani, Harjit alikuwa akija kumchukua na gari wakaenda Mutuini kuvua samaki. Huko kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa ndani, na mtu fulani, hakuna aliyejua nani, alikuwa ametia samaki humo. Harjit alivua kwa ufito wake mzuri, kisha kila samaki alimtoa ndoano mdomoni na kumrudisha majini. "Mimi sikulangi samaki," alisema. Mama hakuupenda mchezo huo. Yeye alitoka Bungoma, ambako mtu akivua samaki anakwenda kumpika. Aliwahi kumuuliza Harjit, kwa heshima lakini bila kutabasamu, "Sasa unachezea mdomo wa mwenye njaa?"

Jumapili ile Wekesa alikuwa amemvua kambare, yule samaki wa masharubu, mnene kama mkono wake. Kabla ya kumrudisha, wakaanza kubishana. Harjit akasema kambare huyo atakula chambo tena. Wekesa akakataa kabisa. Samaki aliyeonja chuma, alisema, hawezi kukirudia. Ili wamtambue siku nyingine wakamkata ncha ya pezi la mkia kwa kisu kidogo. Wekesa alipoinama kumwachilia, ukingo wa machimbo ukameguka chini ya miguu yake. Hakujua kuogelea. Harjit alikifungua kilemba chake, akamtupia upande mmoja, akamvuta. Hadi leo nikipita Parklands na kuona kilemba kichwani mwa mtu, moyo wangu husimama kidogo kwa heshima.

Mama alimfunika kaka blanketi, akampa chai ya tangawizi. Alipomaliza kunywa, akamwambia maneno ambayo nayabeba mpaka uzee huu.

"Wekesa, leo umerudishwa. Wewe hukujirudisha. Mahali pale pamekujua sasa. Usiende tena."

"Mama, ni udongo tu ulikuwa umelowa."

"Sikuulizi habari ya udongo. Nakuomba."

Kaka akaitikia. Najua aliitikia kwa moyo wake wote, kwa maana baba alikuwa amefariki zamani na Wekesa ndiye aliyetulea. Hakuwa mtu wa kumdanganya mama yake.

Lakini swali lile la samaki halikumtoka. Wakati mwingine, mwanangu, kinachomrudisha mtu kwenye hatari si tamaa kubwa. Ni kitu kidogo tu ambacho hakijaisha. Tukila chakula cha jioni alikuwa anakata ugali huku macho yake yako mbali.

"Nafula," ananiambia, "wewe unaonaje? Atakula tena?"

"Kaka, achana na huyo samaki."

"Hapana, fikiria. Ameumia mdomo. Amevutwa, amekosa pumzi, amekatwa mkia. Kama ana akili hata kidogo, hawezi."

"Na akila?"

Akacheka. "Basi nitamwambia Harjit mbele ya gereji yote kwamba mimi ndiye mjinga."

Alimwomba Harjit waende. Harjit akakataa, alimwambia wazi kwamba hatasimama tena kwenye ukingo ule na yeye, na kama ni kuvua, watafute mahali pengine penye ufuo mzuri. Wekesa hakutaka mahali pengine. Kambare wake hakuwa mahali pengine.

Jumamosi moja alituaga akisema anakwenda Kawangware kupima geti la mtu. Alikuwa amejitengenezea ufito wake mwenyewe gerejini, nasi hatukuuona.

Yaliyotokea tuliyasikia kwa mama mmoja wa Mutuini, Nyokabi, aliyekuwa ng'ambo ya machimbo akikata majani ya ng'ombe. Alikuja kwenye matanga, akakaa karibu na mama, akamshika magoti.

"Nilimwona amekaa muda mrefu," akasema. "Nikamwambia, wewe kijana, hapo ni pabaya. Akanipungia mkono. Baadaye nikasikia anapiga kelele, nikadhani ameumia. Kumbe ni furaha. Alikuwa ameshika hiyo samaki, anaiangalia mkia, anacheka peke yake. Anasema, ni yeye! Ni yeye!"

Nyokabi akajifunga leso yake upya. Mama akamwambia aendelee.

"Akapiga magoti kuirudisha. Aliiweka kwa maji polepole, kama mtu analaza mtoto. Halafu ukingo ukaenda na yeye. Nilikimbia, mama. Nilizunguka hiyo shimo nikiita watu. Walipofika maji ilikuwa imetulia."

Samaki aliachiliwa mara ya pili. Kaka yangu alitolewa kwa kamba na vijana wa Mutuini, akaletwa mochari ya jiji.

Harjit alikuja nyumbani kila siku ya matanga. Alikaa kwenye benchi nje pamoja na wazee wa kanisa. Siku ya mwisho, kabla hatujasafiri kwenda kuzika, mama akamwita ndani. Nilidhani atamfukuza.

"Wewe umevua miaka mingi," mama akamwambia. "Niambie ukweli. Huwa wanakula tena?"

Harjit akafuta uso kwa kiganja. "Wengine hawarudi kabisa, mama. Wengine wanakaa mbali kwa siku kadhaa, wanaogopa. Halafu wanasahau, au wanashindwa na njaa. Wengine wanarudi hiyo hiyo jioni."

"Na huyu alirudi."

"Alirudi, mama."

Mama akatikisa kichwa. "Samaki sina neno naye. Yeye anaona chambo, haoni ndoano. Mtoto wangu aliuona ukingo."

Hakumlaumu Harjit hata siku moja. Lakini nyumba yetu haikupona. Mama aliishi miaka mingi baadaye, akipika, akienda kanisani, na hakuna aliyesikia kicheko chake tena. Mdogo wangu aliacha shule. Mimi niliolewa mapema, kwa mtu ambaye sikumjua vizuri, kwa sababu nilitaka kutoka katika kile kimya. Yale machimbo yamefukiwa kwa takataka na udongo, na juu yake wamejenga nyumba za kupangisha. Watu wanaanika nguo hapo. Hakuna anayejua.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana sitakuficha ninachotaka kusema. Kuna mahali umewahi kutolewa. Labda ni pombe iliyokulaza hospitali, labda ni mchezo wa kubeti kwenye simu, labda ni mwanamume aliyekuinulia mkono kisha akalia na kukuomba msamaha. Ukatoka ukiwa mzima, ukashukuru Mungu. Usidhani kutoka kwako kunamaanisha umeshapajua na sasa unaweza kwenda kutazama tu kidogo. Aliyekuvuta mara ya kwanza huenda hatakuwepo. Na usingoje hamu iishe ndipo ukae mbali. Hamu ya kaka yangu haikuisha. Kaa mbali hata ikiwa bado imo ndani yako. Mwambie mtu, "Bado natamani kwenda kule," umwambie kwa sauti, akusindikize upande mwingine. Laiti Wekesa angetuambia anakokwenda, mama angemfungia mlango na kulala mbele yake.

Mungu akulinde na swali lisilokuacha ulale. Akupe watu watakaokukataza, na akupe moyo wa kutowachukia kwa ajili hiyo. Uzeeke, mwanangu. Uzeeke mpaka wajukuu wachoke na hadithi zako.