Msimu Uliongoja Mbalamwezi

Huku Kasingirima kibanda cha gemu ya mpira kinafuata mwezi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika nchi kavu na mchana kutwa wako kwangu wanagombea pedi za kuchezea. Mwezi ukiisha wanarudi ziwani, nami nabaki na vijana wa bodaboda, na misimu ya wavuvi imesimama njiani ndani ya mashine, kila mmoja na timu yake. Ndiyo kazi yangu hiyo, na asiyejua mbalamwezi asinifundishe.

Msimu mzito kuliko yote ulikuwa wa kijana mmoja mtu wa Kidahwe, ambaye kazi yake ni kuchota maji yanayoingia mtumbwini. Wenzake walimcheka kwa kila kitu, hata anavyokula. Alipochagua timu ya daraja la chini kabisa, wakamcheka tena. Mbalamwezi baada ya mbalamwezi akaipandisha, mpaka ikabaki mechi moja tu awe bingwa wa ligi kuu. Hapo hapo nahodha wa mtumbwi wao akatokea mlangoni.

"Wewe wa maji, giza limeanza. Twende."

Kijana akaiweka pedi chini polepole, kama anaweka yai. Akaniomba nimtunzie msimu wake. Nikaitikia kwa kichwa.

Haukupita muda, mdogo wangu, fundi kompyuta kule Kigoma mjini, akaniletea toleo jipya la gemu ile. Nyasi zinang'aa, jasho la wachezaji unaliona! Nikamwuliza kitu kimoja tu: misimu ya watu itafunguka humo? Akajikuna shingo. Akasema ya zamani haisomeki kwenye jipya, wataanza upya, na kwani kuna shida gani, si gemu tu. Gemu tu! Nikachomoa waya wa intaneti, lisije likajipakua lenyewe, nikamwambia akitaka nyasi zinazong'aa aende uwanjani mvua ikikatika. Akaondoka amenuna, anasema nitafunga kibanda.

Nusura iwe kweli. Jirani yangu wa barabara ya pili, ambaye naye ana kibanda cha gemu, aliliweka hilo jipya, na vijana wa bodaboda wote wakahamia kwake. Wakipita kwangu wananiita makumbusho. Jirani mwenyewe akawa ananipa pole kama nimefiwa. Niliumia, sikufichi. Kuna siku niliushika ule waya nikasema potelea mbali, huyo kijana mwenyewe keshasahau. Kisha nikaikumbuka ile pedi alivyoiweka. Ahadi ni deni, jamani. Nikautupa waya kabatini na kufuli juu.

Mbalamwezi ikarudi. Wavuvi wakashuka mwaloni, wakasikia sifa za nyasi, wakapitiliza kwa jirani. Nikakaa kibandani peke yangu nachambua dagaa, roho inaniuma. Mlangoni kikaingia kivuli. Ni yeye, magamba bado yamemganda miguuni, hata kuoga hajaoga.

"Dada, timu yangu ipo?"

"Ipo. Kaa."

Hajamaliza kupanga kikosi nikasikia makelele yanakuja barabarani. Wavuvi hao, wamegeuza! Kule kwa jirani kila mtu ameambiwa aanze na moja, na waliokuwa na misimu yao kule wamekuta imefutika yote. Wakajaa mpaka dirishani. Mdogo wangu naye alikuwepo nyuma kabisa, anachungulia juu ya mabega ya watu, na wala sikumsogezea nafasi.

Timu ya mashine ikamfunga kijana bao la mapema. Akasawazisha. Dakika za mwisho kabisa akapiga la pili, na kibanda kikalipuka, dagaa zangu zikamwagika sakafuni zikakanyagwa, na mimi mwenyewe nikapiga vigelegele kama nimeozesha. Nilifurahi mpaka nikalia.

Sikuhitaji kumwambia mtu neno. Vijana wa bodaboda walirudi wenyewe, na jirani akaja kuniuliza kama nina nakala ya lile la zamani.

Mwezi ulipoisha nahodha akasimama tena mlangoni kwangu. Kijana akaiweka pedi chini polepole, kama kawaida yake. Kazi yake mtumbwini ni ileile, maji yanachotwa. Lakini nahodha alimngoja mpaka akavaa ndala, ndipo akasema:

"Bingwa, giza limeanza. Twende."