Gari Kuukuu Si Gari Chakavu

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomwita mnunuzi wa vyuma kutoka Temeke aje kulikata gari la mjomba wangu. Usinitazame hivyo. Nilifanya kwa mapenzi, wallahi.

Enzi hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, magari yaliyotumika ughaibuni yanashushwa bandarini kila leo. Mie nilikuwa mpiga chapa ofisini, msichana wa viatu virefu na masikio mepesi. Mjomba, dereva wa lori mstaafu, ndiye aliyenilea hapa Mwananyamala. Alikuwa na gari dogo la tangu ukoloni, mgongo wake kama wa kobe, rangi ya maziwa. Alilifuta kila baada ya sala ya alfajiri. Nusu ya watoto wa mtaa wetu, mama zao walikimbizwa hospitali ndani ya gari lile, na mjomba hakumdai mtu hata ahsante.

Basi siku ya bajeti, napita kwa jirani, nikasikia redio ikisema kodi ya magari chakavu itapanda. Sikusimama kusikiliza mwisho. Nilijua pensheni ya mjomba ilivyo nyembamba. Nikamwona akilini ananyang'anywa gari mbele ya mtaa mzima. Kesho yake alikwenda Bunju kwenye arobaini ya rafiki yake, kapewa lifti na wenzake. Nikasema heri gari liondoke kabla hajarudi, lawama niibebe mie.

Aliporudi adhuhuri, milango yote miwili ilikuwa imeng'olewa. Mmoja ulikwisha ondoka na mkokoteni, wa pili umelala mchangani. Mjomba alilizunguka gari polepole. Mie nangoja kofi.

"Nani kakwambia uliuze?"

"Redio, mjomba. Magari chakavu yamepandishiwa kodi."

"Ilisema chakavu, au kuukuu?"

Nikainama kuokota skrubu za mlango mchangani.

"Chakavu ni kitu kilichokwisha kazi. Hili ni kuukuu. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kesho tutakwenda kuuliza."

Akamtaka radhi mnunuzi, akampa maji ya kunywa, akamwacha aende zake. Mzee yule, jamani! Ningekuwa mie, ningepiga yowe hadi Magomeni.

Asubuhi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, mlango uliobaki tukaurudishia upande wake, tukaingia mjini. Upande wangu wazi kabisa, kanga inapepea, watu wanatucheka. Mjomba akawarudishia salamu kama bwana harusi. Kwenye ofisi ya kodi tulikuta foleni ndefu. Alijipanga, akasubiri, hata zamu yake ikafika. Karani akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Nisomee sheria yenyewe. Ya mtaani nimeshaisikia."

Karani akasoma. Kodi ilihusu magari chakavu yanayoingizwa nchini, siyo yaliyozeekea hapa. Tena akatoka dirishani kwake kuja kuliangalia gari letu, akaipapasa taa ya mbele, akacheka kwa furaha. Nami nikalia pale pale barabarani.

Mlango ule hatukuupata; ulikuwa umeshakatwa. Seremala akatuchongea wa mninga, ukapakwa rangi ya maziwa. Watu walipomuuliza mjomba ule wa bati kaupeleka wapi, alijibu, "Joto, ndugu yangu. Niliuvua." Kwa miaka yote hiyo hakunitaja. Hata siku tunamzika, majirani walikuwa wakisimuliana habari ya joto lile, nami nimesimama nao, kimya.

Mwanangu, serikali itabadilisha kodi, na kesho itabadilisha tena. Usikimbilie nusu ya neno. Nenda ukaulize, kuuliza si ujinga. Na siku mdogo wako atakapoharibu kwa kukupenda, mrekebishe mkiwa wawili, kisha mbele za watu umsitiri. La kwanza nilijifunza kwa siku moja. Hili la pili ndilo lililonifanya mtu.

Mola akupe masikio yenye subira, na akujaalie mtu wa kukufichia aibu yako, nawe uwe wa kumfichia mwenzio. Amina.