Nilivyomwombea Mjomba Ashindwe

Nilikwenda Dubai kumrudisha mwanangu. Watu wa Tanga niliwaambia nakwenda kutembea tu, na majirani wakanipa orodha ya manukato ya kuwaletea, lakini ukweli ndio huo. Jumaa, kitinda mimba wangu, ana mwaka wa saba kule. Ni saisi, mtunza farasi wa mashindano. Tangu baba yake afariki, kila Idi ananiambia, "Mama, farasi wangu akistaafu na mimi narudi." Basi mwaka huu akapiga simu. Farasi ameshakuwa mtu mzima, na arbab wake, mwenye farasi, ameamua: atakimbia mbio kubwa za kufunga msimu. Akishinda, anaongezewa mwaka. Akishindwa, khalas, anapelekwa malishoni kupumzika, na Jumaa anafunga mizigo. Nimefundisha hesabu darasa la nne karibu maisha yangu yote, na hesabu hiyo haikunipa taabu. Nikakata tiketi, nikapakia achari ya maembe na msala wangu, nikaondoka na dua moja moyoni: yule mnyama ashindwe.

Asubuhi nilipotua, Jumaa hakuwepo. Alikuja Salma, binti wa shoga yangu wa Mombasa, ambaye ni karani wa mapokezi kwenye ofisi moja na ana chumba cha ziada kule Jumeirah Village Circle.

"Jumaa amesema umsamehe, mama. Farasi hakumaliza chakula jana, hawezi kumwacha."

"Kwani nani kamzaa, mimi au farasi?"

Salma akacheka, akashika usukani. "Wiki ya mbio ndivyo walivyo hawa. Hata simu hashiki. Yalla, twende ukapumzike."

Sikupumzika. Nilikaa dirishani kwa Salma nikimnunia farasi nisiyemjua.

Kesho yake, kabla jua halijapanda, Salma alinipeleka mazizini. Jumaa alikuwa amekonda, ndevu zimemtoka, na alinikumbatia mpaka kilemba changu kikafunguka. Kisha akanishika mkono kunipeleka kwa mwenzake. Ndiye huyo farasi: mrefu, rangi ya kahawa iliyokolea, mguu mmoja mweupe kama aliyevaa soksi moja akasahau ya pili. Ana jina refu la Kizungu kwenye makaratasi, lakini Jumaa anamwita Mjomba.

"Kwa nini Mjomba?"

"Kama mjomba Hassani, mama. Hafanyi kitu mpaka aombwe mara tatu."

Nikacheka bila kutaka. Jumaa akachuchumaa, akaweka mgongo wa kiganja kwenye kifundo cha mguu wa mbele kutafuta joto, kwa maana mguu wenye joto ni mguu wenye maumivu. Halafu akaanza kuukanda kutoka chini kwenda juu, taratibu, akinong'ona, "Dede, Mjomba. Dede."

Nikavuta ndoo, nikakaa juu yake. Jumaa alichelewa kusimama. Alikaribia miaka miwili bado anakaa, na mimi kila jioni nilimkanda miguu kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kutoka kisigino kwenda juu, nikimwambia, "Dede, baba, dede." Hawezi kuwa anakumbuka.

"Nani kakufundisha kukanda hivyo?"

"Sijui, mama. Mkono unajua wenyewe."

Siku ya mbio tulifika alasiri. Watu walikuwa wengi, kanzu nyeupe kwa suti, na kina mama wa Kizungu wenye kofia kama sinia za pilau. Kucheza kamari hakuna, lakini kila mtu ana farasi wake moyoni. Jumaa alikuwa ameniambia kwa simu, "Mpanda farasi wetu amevaa kijani na mkanda mweupe kifuani. Mwangalie huyo." Kabla ya mbio masaisi huwazungusha farasi mbele ya watu, na mwanangu nikamwona, amenyoa, amevaa koti jipya, anatembea begani kwa Mjomba. Nilimpungia mkono mpaka ukachoka. Hakutazama pembeni hata mara moja.

Baada ya Magharibi, chini ya taa kali, milango ikafunguka. Ardhi ilitetemeka, nikaisikia kwenye magoti. Nikatafuta kijani, nikakiona: cha mwisho kabisa, kinakula vumbi la wenzake. "Alhamdulillahi," nikasema. Dua imepokelewa. Nikaanza hata kuwaza chumba chake nitakipaka rangi gani.

Kisha nikakumbuka ule mkono kwenye ule mguu. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijisikia napiga kelele, mwanamke mzima na wajukuu, "Dede, baba! Dede! Usimwaibishe mwanangu!"

Salma akanivuta nguo. "Mama, wamwita nani? Wetu yule pale mbele! Kofia nyeupe!"

Kumbe arbab alikuwa na farasi wawili kwenye mbio zile zile. Wapanda farasi wake wote wawili huvaa nguo moja, hutofautishwa kwa kofia tu, mmoja nyekundu, mwingine nyeupe. Mazizini hilo hata mtoto analijua, ndiyo maana Jumaa hakufikiria kunieleza. Nilipoinua macho, kofia nyeupe ilikuwa sambamba na farasi mweusi, wakavuka mstari karibu pamoja, na Mjomba akashinda kwa urefu wa shingo.

Nililia. Salma alidhani ni furaha, na furaha ilikuwemo. Pale chini watu walikuwa wakirukaruka, lakini Jumaa alikuwa ameshika kamba, amechuchumaa, anapapasa miguu kutafuta joto. Aliporidhika ndipo akaweka paji la uso kwenye shingo ya yule mnyama. Baadaye akanijia ananuka jasho la farasi.

"Mama, dua yako imepokelewa!"

Nikamfuta uso kwa ncha ya mtandio.

Siku ya kurudi alinisindikiza mwenyewe uwanja wa ndege. Mjomba amekula vizuri, alisema. Kwenye foleni ya mizigo nikashindwa kuvumilia.

"Jumaa, mimi nilimwombea ashindwe."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. "Na mimi, mama. Misimu miwili sasa naomba ashindwe nirudi nyumbani. Milango ikifunguka tu, najikuta nalia afike wa kwanza."

Tanga wameniuliza nimeona nini Dubai. Nimewapa manukato yao, nikawaambia nimemwona mwanangu na hajapotea. Siku hizi baada ya sala ya alfajiri nawaombea wote wawili. Naomba miguu ya Mjomba ibaki mizima, bila joto. Na mwakani, kwa heshima zake zote, ashindwe, kwa urefu wa shingo tu.