Mgeni Asiyetoka Chumbani kwa Mama Bega

Chuo kizima kilimwita Mama Bega. Alikuwa mshauri wa wanafunzi na wafanyakazi, na hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kulia begani kwake. Hata mhasibu, mwanamume mwenye uso mkavu kama tofali, alilia pale mpaka miwani ikaelea. Bega lenyewe lilishuka upande mmoja, hata fundi cherehani alipompima gauni alidhani tepu yake imeharibika.

Mlangoni kwake kulining'inia kibao. Upande mmoja kiliandikwa Karibu, upande wa pili Nina mgeni. Kikiwa upande wa mgeni hakuna aliyethubutu kugonga, awe mwanafunzi au mkuu wa chuo mwenyewe.

Basi muhula ule Mama Bega aliishiwa. Hakufiwa, hakuachwa, hakuugua. Aliishiwa tu, kama mtungi unaochotwa na kila mtu na hakuna anayeujaza. Akifika asubuhi aligeuza kibao, Nina mgeni, akajifungia, akakaa kwenye kiti cha wageni na kuutazama ukuta. Mara alie, mara asilie. Alijiambia ni dakika chache tu, lakini dakika zile zilikuwa na tabia ya kuvuta viti na kukaa.

Siku moja mfagiaji, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, alimkamata koridoni.

"Mwenzangu, huyo mgeni wako hana kwao? Nafagia hapa tangu muhula uanze, na mlango huo sijaona mtu akiingia wala kutoka."

Mama Bega akacheka kicheko cha kukwepa. Mfagiaji akaendelea kusema kwamba yeye anamhurumia yule binti wa mwaka wa kwanza, wanayemwita Kimya. Kila asubuhi alijikunyata kwenye benchi la nje akisubiri mgeni atoke, akichoka anaondoka. Jana alimvulia mfagiaji sweta lake zuri, akasema yeye halihitaji tena. Leo benchi ni tupu.

Mama Bega hakungoja asikie zaidi. Viatu vilibaki koridoni, kimoja kimelala chali. Wanaosimulia husema aliruka wigo wa bweni bila kuugusa, wigo ambao hata mbuzi huuzunguka.

Mlango wa Kimya ulikuwa umekomewa kwa ndani. Akabisha, hakuna kitu. Akaita mwanangu, hakuna kitu. Maneno yote aliyosomea yakamtoka kichwani kama kuku waliofunguliwa banda. Mfagiaji alipofika akihema, alimtuma mbio akamlete mlinzi avunje mlango. Yeye akaketi sakafuni, mdomo kwenye ufa.

"Mwanangu, hapakuwa na mgeni mle ndani. Nilikuwa mimi. Nilijifungia nalia, na wewe uko nje unanisubiri. Nisamehe."

Akatega sikio. Akaegemeza kichwa mlangoni, akajua amechelewa, na machozi yakamshuka bila kutafuta kitambaa. Ndipo huko ndani kitanda kikalia.

"Na wewe huwa unaenda kwa nani?" Sauti ilikuwa nyembamba, imekwaruza.

Mama Bega akatafuta. Mkuu wa chuo angemwambia achukue likizo. Mumewe angemwambia alale. Akatafuta tena.

"Sina mtu," akasema.

Komeo likasogea. Kimya alisimama amejifunga shuka, macho yamevimba, na nyuma yake vitu vyote vimepangwa vizuri mno, kama vya mtu anayehama. Mama Bega akaviona, akaelewa, akamshika mkono na hakuuachia tena. Mlinzi alipokuja na nyundo aliwakuta wamekaa kizingitini, haijulikani nani anambembeleza nani.

Mfagiaji akalivua lile sweta alilokuwa amelivaa, akamvika Kimya.

"Hili linanibana," akasema. "Na wewe, Mama Bega, sogea nikae. Ukimaliza kulia tunakwenda hospitali, wote watatu."