Jina la Igoki

Mwalimu Celina Igoki, wa sekondari ya kutwa karibu na Gachoka, hakuwa ameiona bahari hata siku moja, lakini ungemsikia akiifundisha ungeapa kazaliwa ndani yake. Asubuhi hiyo alichora wawili ubaoni: kiumbe cha baharini chenye seli moja tu, na komba, yule yule anayewanyima watu usingizi kwa vilio vyake.

"Haya, nani bora?"

"Komba, Mwalimu!"

"Bora wapi! Komba huzeeka akafa. Huyu mdogo akikomaa hujigawa, wakawa wawili, wote wachanga. Hana kaburi huyu."

Kathuri, mchokozi wa darasa, akadakia: "Sasa Mwalimu, jina la nyanya atapewa nani?"

Darasa likaangua kicheko. Celina hakucheka. Maskini, swali lilimgusa penye kidonda. Bintiye wa pekee, Cicily, alikuwa hospitalini Embu akijifungua. Kwao, msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili la nyanya mzaa mama. Binti wa kwanza wa Cicily alishapewa jina la upande wa wakwe. Huyu ndiye wa pili, na daktari alishasema ndiye wa mwisho. Akiwa msichana, Igoki ataitwa tena duniani. Akiwa mvulana, basi, jina litazikwa pamoja na mwenyewe.

"Nawafundisha sayansi, wewe unaniletea mambo ya ukoo!" alimfokea Kathuri, macho yakiwa dirishani.

Kabla kipindi hakijaisha akaitwa ofisini kwenye simu. Alikuwa mkwewe, Nthiga, akipiga kelele kwa furaha: "Mama, ni kijana! Wote wazima!"

"Mungu asifiwe," akasema, na alisema kwa moyo wote. Kisha akaenda nyuma ya maabara akalia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti.

Jumamosi alifika wodini na uji wa wimbi. Cicily alipomwona tu, machozi yakamtoka.

"Mama, nimekuangusha. Jina lako…"

"Ebu nyamaza, utamtisha mtoto." Celina akaketi kitandani, akanyoosha mikono. "Kuna kiumbe cha baharini nafundisha. Chenyewe hakizeeki, hujigawa tu kikaendelea. Lakini tangu dunia iumbwe hakijapakata mjukuu. Lete huyo kijana hapa nimpakate, mimi ninayekufa."