Woga Uliotuweka Juu ya Uzio

Msukuma anayeogopa ng'ombe hana pa kujificha. Mimi naogopa, na baba yangu anaogopa. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila jioni mifugo iliporudi alikumbuka madaftari ya kusahihisha. Mama ndiye aliyekuwa akikamua.

Kabla sijaanza shule nilimvuta ndama mkia. Ng'ombe aliyemzaa akanibana kwenye uzio wa zizi, hadi mama alipokuja mbio na mwiko wa ugali akamchapa nao pua. Nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa juu ya kihenge cha mtama, ananiuliza kama nimeumia.

Chuo kikuu nilisoma baiolojia, tukafundishwa mambo ya urithi, na swali likaanza kuninyima usingizi. Woga huu nilizaliwa nao, au niliupata siku ile? Na kama niliupata siku ile, aliyenipa ni ng'ombe au ni baba kule juu ya kihenge? Wenzangu waliwaza ajira. Mimi niliwaza watoto ambao sijawazaa.

Kisha nikapata mchumba, binti wa mfugaji wa Didia. Yeye siri yangu aliijua. Baba yake hakuijua. Ikafika asubuhi ya kupeleka mahari. Nilikuwa nimesikia kwamba mzee yule alishamkataa mposaji mmoja kwa kuwa alishika fimbo kama kalamu.

Tulifika, wajomba wakiswaga ng'ombe mbele, mimi na baba tukifuata kwa mbali, mashati yetu yamepigwa pasi. Tukaamkia, tukakaribishwa. Mzee akalizunguka kundi, akaridhika, akaniita.

"Haya, mkwe. Yule dume mwenye madoa, mwingize zizini nikuone."

"Mimi, baba?"

"Kwani nani anaoa?"

Nikasogea. Baba, kwa upendo wa mzazi, akasogea nyuma yangu. Dume akapiga chafya.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka nimekaa juu ya uzio, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mkono umeshikilia kola ya shati. Pembeni yangu alikaa baba, miguu vilevile, na mkono wake kwenye kola.

Bibi wa mchumba wangu, aliyekuwa mlangoni akichambua choroko, ndiye aliyeanza kusema.

"Kuna watoto watu huuliza baba yao nani. Huyu hatuulizi!"

Wakaangua kicheko wote, hata wajomba zangu, wasaliti wale. Mchumba wangu akatoka jikoni, akaokota fimbo, akamwingiza dume zizini huku akimkaripia kama mtoto mtukutu. Mzee akamtazama binti yake, akatutazama sisi, akafuta machozi ya kicheko.

"Huyu wangu, moyo wake utawatosha wote," akasema. "Mahari nimepokea. Shukeni mle."

Hatukushuka haraka, dume alikuwa bado anatutazama. Nikamnong'oneza baba: je, na babu alikuwa hivi?

"Babu yako? Alikuwa akilala zizini na ng'ombe wake." Akamtupia dume jicho. "Yeye aliogopa kuku."

Nikafikiri sana, kama kawaida yangu. Labda kwetu tunarithi mbio tu. Wa kumkimbia kila mtu anajitafutia. Nilikuwa bado nalipima wazo hilo bibi alipotuita kutoka mlangoni.

"Njooni, wakwe! Ni kuku tu, na ameshaiva. Hawezi kuwarukia."